Papa Labo na Dengu za Maji

Ukimletea Papa Labo jani lolote la majini, hakuangalia jani. Aliangalia viatu vyako. Matope mekundu yalimwambia kwamba umetoka kwenye mfereji unaoteremka kutoka Kadutu. Matope meusi yanayonata kama ugali ambao haujaiva yalimwambia kwamba umetoka bondeni, huko Mudaka. Viatu vikiwa vikavu, alijua umemtuma mtu, na jani lako alilisukuma pembeni ya meza mpaka huyo mtu aje mwenyewe kueleza.

"Usiniambie iko na nini," alikuwa akisema. "Niambie kwanza inaishi wapi."

Alikuwa mtunza maabara wa chuo chetu pale Bukavu, miaka ile ya Zaïre. Kwenye karatasi za utawala aliandikwa laborantin. Sisi wanafunzi tulilifupisha jina, tukaliongezea heshima, akawa Papa Labo, na mwishowe hata mapadri walimwita hivyo. Hakuwa na diploma ya chuo kikuu. Alikuwa na funguo. Nilimfahamu kwa miaka kama kumi na miwili, na ile ya mwanzo niliitumia kumwogopa.

Wakati ule tai zilikuwa zimekatazwa, wakubwa walivaa abakosti, ile suti isiyohitaji tai, na kila mtu aliitwa citoyen, raia. Papa Labo alivaa koti lake jeupe la maabara juu ya kila kitu, limefungwa vifungo mpaka kooni, hivyo hakuna aliyejua kama ndani yake kuna raia mwema au la. Siku moja profesa wetu, mtu mpole lakini mdadisi, alimuuliza mbele ya darasa zima:

"Citoyen, huko ndani umevaa nini?"

"Ngozi, Citoyen Profesa."

Jumamosi za salongo, tulipolazimika sote kutoka na majembe kusafisha mifereji na ufuko wa ziwa, yeye alikuja na sufuria. Sisi tulitupa magugu ya majini, yeye aliyaokota. Msimamizi alimfokea kwamba salongo ni kutupa, si kukusanya. Papa Labo alimjibu bila kuinua kichwa: "Munatupa chakula na munaacha plastiki. Miye niko nyuma yenu, nasahihisha."

Maabara yake ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha mawili, na dirisha moja halikufunguka. Asidi ilipofika kutoka Kinshasa, kama ilifika, aliifungia kabatini pamoja na Biblia na soksi zake za akiba. Ukisogelea mizani alikuamuru ukapumue nje. Hata hivyo chakula chake cha mchana, viazi vitamu na maharagwe, alikila kwenye kona ya meza ileile ya mizani, bila wasiwasi wowote. Nilipojipa moyo kumuuliza, alitafuna kwanza, akameza, ndipo akajibu: "Makombo yangu nayajua. Yenu siyajue."

Kioja kikubwa zaidi ni kwamba mtu huyu, aliyeshinda nusu ya maisha yake ndani ya maji ya Ziwa Kivu na mabonde yake, hakujua kuogelea. Alijifunga kamba kiunoni na ncha nyingine alimkabidhi yeyote aliyepita. "Maman, nishikie hapa kidogo." Siku moja aliyeshika alikuwa maman mmoja muuza mikate ya mafuta. Mteja akaja, maman akahitaji mikono yote miwili, na Papa Labo akateleza mpaka kidevuni. Tulipomvuta nje, majani yakiwa yamemjaa ndevuni, hakumlaumu maman. Alitoa jani moja ndevuni, akalitazama, akasema kwamba pale kwenye kina mizizi ni mirefu kuliko ya ufukoni, na kwamba asingejua hilo kama asingezama.

Jani lenyewe nilieleze, maana mambo mawili matatu ya maisha yangu yalilitegemea. Tuliliita dengu za maji, kama vitabu vya shule vilivyoliita. Ni vijani vya duara, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, vinavyoelea juu ya maji yaliyotulia na kuyafunika kama zulia. Chini ya kila kijani kuna mzizi mmoja mwembamba kama uzi. Bata wanavipenda. Ukutani mwa maabara palikuwa na orodha iliyopigwa taipu, kazi ya profesa wetu, ya mimea inayofaa kulisha mifugo ya Kivu. Ilikuwa na safu tatu za namba: protini, fosfori, chokaa. Dengu za maji zilisimama karibu na kilele, zikiwa na protini za kujivunia.

Papa Labo alitaka safu ya nne. Kila mwaka wa masomo ulipofunguliwa alimwomba profesa aongeze safu moja tu, ya kuandika mmea umechumwa wapi. Hoja yake ilikuwa rahisi. Mmea wa shambani una udongo wake. Hili linaelea tu, halina udongo, linakula kile maji yanacholetewa. Maji yakipata mbolea ya ng'ombe, jani linanenepa. Maji yakiwa yametoka mwambani sasa hivi, jani linabaki na njaa, linarefusha mzizi wake kutafuta. Sasa namba moja kwa majani yote hayo ni ya jani gani?

"Orodha ni orodha, Citoyen," profesa alimjibu kila mwaka, kwa upole. Kubadilisha kitu kilichochapishwa kulihitaji kazi iliyoandikwa na kutetewa mbele ya jopo, na laborantin hana kazi ya kutetea. Mwanafunzi ndiye aliye nayo.

Mwanafunzi huyo, kwa bahati mbaya ya wote waliohusika, nilikuwa mimi.

Yalianzia kwa bata wa mama yangu. Tulikaa Nguba, naye alifuga bata nyuma ya nyumba. Mimi, msomi mpya wa familia, nilimwambia aache kuwapa pumba, awape dengu za maji, kwa kuwa orodha imesema. Mama akachagua maji safi kuliko yote aliyoyajua, kidimbwi cha chemchemi chini ya mtaa wetu, yale ambayo hata mgonjwa angekunywa. Baada ya majuma sita bata wake walikuwa wepesi kama magazeti. Hakunigombeza nyumbani. Alifunga kitambaa chake cha Jumapili, akamkwapua bata mmoja, akaja naye mpaka maabara wakati tunafanya mazoezi ya vitendo.

"Nani aliandika ile karatasi?" aliuliza, akionyesha ukuta kwa bata.

Nilitazama sakafu. Wenzangu walinitazama mimi. Papa Labo alisimama, akamfutia mama kiti kwa mkono wa koti lake.

"Kaa, Maman. Ulichuma wapi?"

"Kwa chemchemi. Maji iko clair, unaona mpaka chini."

"Mizizi iko je?"

"Murefu kama nywele ya Muzungu."

Papa Labo alifumba macho kama mtu aliyesikia kwaya yake ikipatia. Miaka yote alikuwa akimngoja mlalamikaji. Siku ileile alinishika bega na kunigawia mada ya kazi yangu ya mwisho: dengu za maji kutoka sehemu tatu, mfereji wa mjini, chemchemi ya Nguba, na bonde la Mudaka, zipimwe kila juma kwa majuma kumi. Profesa aliikubali mada. Zaidi ya hapo, aliahidi mbele yetu wote wawili kwamba kazi hiyo ikisimama mbele ya jopo, safu itaongezwa. Papa Labo alikwenda kuosha chupa ambazo zilikuwa safi.

Sasa naomba msomaji anihurumie kidogo. Mudaka si mbali, lakini wakati wa mvua lori za kabichi zilikwama, na mimi nilikuwa na suruali moja nzuri, pana chini kwa mtindo wa wakati ule, ambayo ilinyonya matope mpaka magotini. Baada ya safari ya pili nilipata akili. Nilileta nyumbani ndoo ya majani hai kutoka kila sehemu, nikayaweka kwenye mabeseni matatu nyuma ya nyumba, yenye maji ya mvua. Juu ya kila beseni niliandika kwa chaki: Mfereji, Chemchemi, Mudaka. Majani hayo yanazaa haraka ajabu. Kila juma nilivuna kutoka beseni, nikakausha, nikasaga, nikapima. Niliona nimeshinda jiografia.

Niliamini kweli, na hapa ndipo elimu yangu ilipofikia, kwamba jani la Mudaka ni la Mudaka popote litakapokaa.

Matokeo yalipoanza kutoka, yalinifurahisha kwa ugeni wake. Mfereji na Mudaka zilikuwa sawasawa, na zote mbili zilikuwa hafifu. Chemchemi, ile ya bata wembamba, ilizidi zote kwa mbali. Nilianza kuandika sura ya hitimisho kwa mbwembwe: maji safi ndiyo hulisha. Nilikuwa karibu kumzika Papa Labo kwa mada aliyonipa mwenyewe, na nikadhani ndiyo sayansi.

Nilimpelekea unga wa juma la saba. Alitazama viatu vyangu.

"Mudaka ulifika?"

"Nilifika, Papa."

"Njia iko je?"

"Iko muzuri."

"Ile daraja ya mbao, ulipita juu yake?"

"Nilipita."

"Wewe iko fundi. Mvua ilibeba ile daraja siku kumi na mbili sasa. Bibi yangu amekwama kwa dada yake kule, na miye nakula viazi yangu peke yangu."

Nikamweleza habari ya mabeseni. Nilijitetea kwa nguvu zote za mwaka wa mwisho wa chuo. Nilimwambia: Papa, mimi ni Mushi kwa kabila. Nikihamia Kinshasa nabaki Mushi.

"Jina, njo," akakubali. "Lakini kule Kinshasa utakula nini? Bugali ya hapa? Maziwa ya Kabare? Kaa kule mwaka moja tu, alafu tukupime."

Alifunga maabara mchana kweupe, jambo ambalo halikuwahi kutokea, tukatembea mpaka Nguba. Yalibaki majuma saba kabla ya siku yangu mbele ya jopo. Niliona diploma yangu ikielea juu ya ziwa, ikienda upande wa mto Ruzizi, na safu ya Papa Labo imepanda humohumo.

Tulipoingia uani mama alikuwa ameinama, anaosha sambaza kwa ajili ya jioni. Vile visamaki vikiisha kuoshwa maji yanakuwa mazito, yana magamba na utumbo. Alituitikia salamu, akainua sufuria, na bila kutazama akamwaga maji yale ndani ya beseni lililokuwa karibu na mlango wa jikoni. Kwenye ubavu wa beseni hilo, kwa mwandiko wangu mzuri, pameandikwa Chemchemi.

"Maman," Papa Labo aliuliza polepole, "unamwangaka pale kila siku?"

"Kila siku ya sambaza. Bata banapenda ile beseni tu. Hizi mbili bananusa, banaenda." Alinitazama mimi. "Nilifikiri njo masomo yenyewe. Sikutaka kuharibu."

Papa Labo alicheka mpaka akashika ukuta. Sijawahi kumwona akicheka hivyo, wala kabla, wala baadaye. Aliingiza mkono kwenye beseni la sambaza, akatoa kiganja cha majani ya kijani kizito, mizizi mifupi kama ndevu za jana. Kisha akatoa yale ya Mudaka yaliyokonda kwenye maji yangu ya mvua, rangi ya njano, mizizi ikining'inia. Akaweka viganja viwili mbele ya pua yangu.

"Haukuharibu kazi. Uliharibu etiketi tu, hii maandishi ya chaki. Ulichukua majani ya kila mahali, ukayapa mahali ya mama yako, na yakawa ya mama yako. Unataka nini ingine?"

Nilitaka kitu kingine. Nilitaka kulala kitandani majuma saba. Lakini yeye alikwisha kaa juu ya kigoda cha mama na kuanza kupanga. Mianzi ya kutengenezea fremu, chandarua kikuukuu cha kutengenezea mifuko inayoelea. Majani ya chemchemi tungeyapeleka bondeni Mudaka, ya Mudaka tungeyaleta chemchemini, na machache ya kila sehemu yabaki kwao. Mama angelinda mifuko ya chemchemini, kwa sababu hakuna mtoto wa Nguba ambaye hakumwogopa. Mfereji tungeupima pia, lakini kwa kulisha mifugo Papa Labo hakuuamini, pamoja na unene wa majani yake: juu kule kulikuwa na gereji, na jani hilo halichagui, linakunywa mbolea na linakunywa mafuta ya gari.

Kwa hiyo nilikwenda Mudaka kwa miguu. Suruali niliikata magotini. Kiangazi kilikuwa kimeingia, barabara imekauka, penye daraja lililobebwa maji yanavukika kwa miguu, na mara nyingi Papa Labo alikuja pia, na kamba yake, akiimba besi ya kwaya kwa sauti iliyokuwa imeachana na wimbo zamani. Wanawake waliokuwa wakilima kabichi walimuuliza tunavua nini kwenye chandarua. "Tunavua kolone," aliwajibu, akimaanisha ile safu yake. Walimhurumia.

Mwishoni mwa juma la tatu majani ya chemchemi yaliyohamia Mudaka yalikuwa yameshakuwa meusi kwa unene, huwezi kuyatenga na wenyeji. Ya Mudaka yaliyohamia chemchemini yalikuwa yamekonda na kurefusha mizizi. Tulipima azoti, inayoonyesha kiasi cha protini, mara mbili, maana Papa Labo alikataa kuamini furaha yake mwenyewe. Asidi ya akiba iliisha siku hiyo.

Swali lilibaki moja, nalo lilininyima raha: mabeseni tuyaseme au tuyanyamazie? Ningeweza kuandika majuma matatu ya mwisho tu, nikatoka na heshima yangu. Nilimweleza hivyo. Aliendelea kufuta mizani.

"Ukificha beseni, kitabu itakuwa safi kama ile chemchemi," akasema. "Na nani atanenepa?"

Niliyasema. Nilisimama mbele ya jopo, mama kwenye benchi la nyuma akiwa na kitambaa chake cha Jumapili, Papa Labo mlangoni kwa sababu hakualikwa ndani, na sura ya pili nzima ilikuwa juu ya kosa langu. Nilipofika kwenye maji ya sambaza ukumbi ulicheka, na profesa akavua miwani.

"Citoyen, kwa hiyo aliyefanya jaribio lenyewe ni mama yako?"

"Ndiyo, Citoyen Profesa. Mimi niliandika kwa chaki."

Walinipitisha. Wenzangu walinimwagia poda kichwani kama desturi, wakaimba, na Papa Labo badala ya kunipongeza alikimbilia maabara kufunika mizani, maana poda inapenya kila mahali. Mama alimfuata na sahani ya bata. Alikataa. Alisema hawezi kula mshiriki wa utafiti. Alikula viazi.

Kuhusu safu, profesa alitimiza ahadi yake kwa njia ya maprofesa: aliandika barua kuomba orodha ichapishwe upya. Barua ilikwenda Kinshasa. Orodha ya ukutani ilibaki na safu tatu, ikageuka njano, Papa Labo akastaafu, akaenda kulima Mudaka. Mimi nilibaki chuoni kama msaidizi, na kwa miaka kadhaa nilipita mbele ya ukuta ule nikitazama upande mwingine.

Hatimaye tulichapisha wenyewe, kwa mashine ya kuzungusha mkono, kijitabu cha kurasa chache chenye wino wa kupaka vidole. Nilichukua nakala ya kwanza, nikaenda Mudaka. Ilikuwa ni mvua tena. Nilimkuta kando ya kidimbwi alichokichimba chini ya shamba lake, bata kama ishirini wakipiga kelele. Hakuwa na koti jeupe. Alikuwa amevaa fulana, na nilishangaa kuona jinsi alivyokuwa mwembamba wakati wote ule.

Alifuta mikono, akapokea kijitabu, akafungua ukurasa kwa ukurasa mpaka alipofika. Aliuweka mkono juu ya safu ya nne. Dengu za maji zilikuwa na mistari mitatu: mfereji, chemchemi, bonde.

"Profesa alisaini?"

"Alisaini, Papa."

Aligeukia nyumba. "Maman, kuja uone."

Mke wake alitoka, mikono ina unga wa muhogo, akainama bila kugusa karatasi.

"Njo ile kolone?"

"Njo ile."

"Ile ya kugombana miaka yote?" Aliitazama tena, akapima upana wake kwa macho. "Kumbe iko kadogo hivi." Akarudi jikoni akicheka, na kicheko chake tulikisikia hata alipokuwa ndani.

Papa Labo naye alitabasamu. Alisoma namba zetu kwa kidole, moja baada ya moja, midomo ikicheza. Alipomaliza, alitazama maji.

"Hizi za Mudaka, tulichuma mwezi gani?"

"Juni, Papa. Kiangazi."

"Sasa iko mvua." Alichota kiganja cha majani kidimbwini, akakifungua mbele yangu. Mizizi ilikuwa mifupi mno, karibu haionekani. "Mbolea ya mashamba yote imeshuka humu. Hii iko kwa kitabu yako?"

"Hapana."

Aliniomba kalamu. Aliweka kijitabu juu ya goti, akatumia ukingo wa mpini wa jembe kama rula, akachora mstari mnyoofu pembezoni mwa ukurasa, kutoka juu mpaka chini, si kwa dengu za maji tu bali kwa mimea yote. Juu ya mstari akaandika kwa herufi kubwa: MWEZI. Kisha akanirudishia kijitabu, akanirudishia kalamu, na akanipa sufuria tupu.

"Tuko Novemba," akasema. "Anza na hii."